Baba Mkwe wa Chalbi

Anayetaka kucheka na acheke sasa, tumalizane, kwa sababu nikishaanza sipendi kukatizwa. Nimechekwa kanisani, nimechekwa sokoni Kenyenya, nimechekwa na wajukuu wangu ambao wanadhani nyanya yao alizaliwa akiwa mzee. Mchungaji wetu, mtu mwema kabisa, aliniambia kwamba lilikuwa jua tu. Nikamwuliza, je, jua lilijifunza wapi Ekegusii? Haya yalinipata mimi, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, na shahidi wangu yu hai huko Ekerenyo, anachuma majani chai yake. Kamwulizeni.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, nimeolewa Kenyenya juzijuzi tu, hata sufuria zangu za harusi hazijashika masizi. Rafiki yangu Kerubo, binti wa Ekerenyo niliyesoma naye ualimu, ndiye aliyeniletea habari. Mwalimu mmoja wa jiografia, Bwana Onchiri, alikuwa anakusanya walimu wa kwenda kuliona jangwa la Chalbi wakati wa likizo ya Agosti. Tungepanda lori hadi Maikona, kupita Marsabit, halafu tutembee siku kadhaa na ngamia, tukiongozwa na mwenyeji, mpaka kwenye chemchemi za Kalacha. Sisi ni watu wa mvua ya kila alasiri. Tulikuwa tukiwafundisha watoto neno jangwa vile tunavyowafundisha neno malaika, bila mmoja wetu kuwahi kuliona. Nilitaka kwenda hata nikawa sipati usingizi.

Kizuizi kilikuwa baba mkwe. Hapa lazima nikueleze jambo la kwetu, maana bila hilo hutaelewa lolote.

Kwetu Gusii kuna kitu kinaitwa ensoni. Ukisema ni aibu umekosea kidogo, na ukisema ni heshima umekosea kidogo tena. Ni ukuta uliojengwa kati ya watu bila matofali. Mke wa mtu hamtazami baba wa mumewe machoni wala hampi mkono, na mzee naye hakanyagi ndani ya nyumba ya mkamwana wake. Nyumbani kwetu, wakikutana njiani, mzee aligeuka akatoa mgongo mpaka mkamwana apite, kisha kila mtu akashika njia yake. Wakiwa na neno la kuambiana walilipitisha kwa mtu mwingine. Wala si chuki. Mimi na baba mkwe wangu tulipendana sana, lakini kila mmoja akiwa ng'ambo yake ya mto.

Basi mzee aliposikia habari ya safari alimwambia mama mkwe, akijua nipo jikoni na ninasikia, "Huko jangwani nasikia hakuna kichaka wala ukuta. Mkamwana atajisitiri wapi?" Mume wangu alinitetea, tena kwa maneno mazuri, Mungu amrehemu. Siku mbili tatu zikapita. Halafu mzee akasema, tena kupitia mama mkwe, "Aende. Lakini ensoni yake aende nayo."

Nililia kwa furaha. Sikujua kama nimepewa silaha.

Tukaondoka. Sitakuchosha na vumbi la njiani, wala jinsi tulivyosimamishwa na askari kwenye kizuizi cha Isiolo. Ila hapo kizuizini Bwana Onchiri alisema neno ambalo ni lazima ulisikie. Yeye alikuwa wa ukoo wa mume wangu, rika la baba mkwe, kwa hiyo kwangu alikuwa baba mkwe vilevile. Kila akinisemesha nilikuwa natazama chini, na hilo lilimkera.

"Huyu mwalimu anaongea na viatu yangu," aliwaambia wenzetu, wakacheka. "Sikizeni nyinyi wote. Mambo ya ensoni mwacheni hapa Isiolo, mtachukua mkirudi. Huko mbele watu wanatazamana usoni kama watu wamesoma."

Kerubo alicheka kuliko wote, akaniambia kwamba yeye amekwisha kuiacha ya kwake kwa askari. Alikuwa hajaolewa bado, na shingo yake ilikuwa ndefu ya ujeuri. Mimi nilijaribu, niamini. Niliinua macho mpaka kwenye kifungo cha pili cha shati la Bwana Onchiri, nikashindwa, nikarudi kwenye viatu. Usidhani nilikuwa na hekima. Nilikuwa na woga wa mtu aliyelelewa vizuri.

Maikona tukampata mwongozaji wetu, Guyo, mtu mwembamba mwenye kilemba cheupe na maneno machache. Nilimpa kiboko mdogo wa jiwe la sabuni niliyemnunua kwa wachongaji wa Tabaka, akamgeuzageuza mkononi, akauliza kama kwetu wanyama wote huwa wanene hivyo. Kutoka siku hiyo tukawa marafiki. Yeye ndiye aliyetufundisha kutembea alfajiri na jioni, na kulala mchana chini ya turubai jua linapokuwa kali. Tena ndiye aliyetuonyesha yale maji ya uongo, mazigazi, yanayometameta mbele yako na kurudi nyuma kila ukisogea.

"Ile si maji," alisema. "Ile ni jua inacheka watu. Wacha icheke."

Lakini nchi ile ilivyokuwa nzuri, jamani. Ardhi nyeupe ya chumvi, tambarare kuliko meza, na mbingu imeshuka mpaka chini pande zote. Nilijisikia nimetolewa kwenye chungu chenye mfuniko. Nilikuwa naimba nyimbo za kanisa nikitembea kando ya ngamia, na ngamia hakulalamika.

Shida yetu wanawake ilikuwa moja tu, na baba mkwe alikuwa ameitabiri. Mtu akibanwa na haja, aende wapi? Guyo alituambia tujikinge nyuma ya ngamia waliolala, basi. Nyuma ya ngamia, na Bwana Onchiri amekaa upande wa pili anakunywa chai? Hata Kerubo mwenye ensoni ya kuachwa Isiolo alikataa. Kwa hiyo tukawa tunakwenda wawili wawili, mbali, mpaka wanaume waonekane wadogo kama kuku. Guyo alikasirika. Alisema watu wa huko hawaendi mbali hivyo saa ya jua kali. Tukamwitikia ndiyo, halafu tukaenda.

Siku hiyo ilikuwa saa sita, jua liko utosini. Tulitembea mimi na Kerubo hadi nyuma ya kituta kidogo cha mchanga, tukamaliza shughuli zetu, tukageuka turudi. Hapakuwa na kambi.

Nasema hapakuwa na kambi. Ngamia hawakuwepo, turubai halikuwepo, moshi haukuwepo. Pande zote ni ule mmeto unaotetemeka, na upepo ulikuwa umefuta nyayo zetu. Tukaita. Sauti ilitoka ikafia palepale. Tukatembea kidogo upande huu, tukaogopa, tukarudi. Maji yetu tulikuwa tumeyaacha kwenye turubai, kwa maana nani hubeba maji akienda haja? Kerubo akaanza kulamba midomo. Ulimi wangu mimi ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine, na nikajua kabisa kwamba tusipoonekana kabla ya jioni, tutakufa pale, wasichana wawili waliotoka nchi ya mito, kwa sababu ya kumwonea haya Bwana Onchiri.

Hapo ndipo tukasikia kibuyu. Unajua mlio wa maji ndani ya kibuyu mtu anapotembea? Ndio huo.

Kutoka kwenye mmeto akaja mzee. Nilimwona kwa mbali mara moja tu: kofia, koti refu la kijeshi kama lile wazee wetu walirudi nalo vitani, fimbo, na kibuyu begani. Alipokaribia, macho yangu yakashuka yenyewe kwa mazoea. Kerubo hakushusha ya kwake. Alimtazama mzee usoni, kama watu waliosoma.

Mzee akatusalimu kwa Ekegusii.

Simaanishi Ekegusii cha kuokotaokota. Kilikuwa Ekegusii cha Kenyenya, cha kuvuta mwisho wa maneno, kama kilichosemwa mlangoni kwa mama mkwe. Nilicheka kwa furaha. Hata harufu aliyokuja nayo ilikuwa ya kwetu, ya mvua iliyoangukia majani chai. Nilitazama miguu yake. Alivaa akala, zile ndala za tairi, na juu ya akala palikuwa na tope jekundu, bichi, linalong'aa. Kwenye jangwa la chumvi ambako sijui mvua ilinyesha mwaka gani, mzee huyu alikuwa na tope la shamba letu miguuni. Na mimi, mjinga, badala ya kushtuka nilitaka kupiga magoti nilishike.

"Wanangu mmepotea," alisema. "Ng'ombe wangu wako hapo tu, penye maji. Binti huyu tayari anajua njia." Halafu akanigeukia. "Na wewe ni mke wa mwanangu. Mimi ni baba wa mume wako. Njoo."

Kerubo alikwisha kuanza kutembea. Nilimwita, hakuitika. Nikamshika leso, akanivuta kana kwamba sina uzito, na nilipomchungulia usoni niliona kitu ambacho bado hunijia nikiwa nafua nguo. Upepo ulikuwa unampiga mchanga ndani ya macho, na Kerubo hapepesi. Macho yamefunguka wazi, yamekauka, yamemganda yule mzee. Mbele yake, mahali mzee alipokuwa anaelekea, palikuwa na ule mmeto mweupe usio na mwisho.

Nikaanza kulia. Nilimwambia mzee, nikitazama akala zake, amwachilie mwenzangu. Akasimama. Akasogea mpaka kivuli cha kofia yake kikagusa vidole vya miguu yangu, akanyoosha mkono wa kunisalimu.

"Inua uso, mkamwana wangu," akasema kwa upole. "Nitazame, nikuone."

Rafiki yangu, hapo ndipo alipojikwaa. Alikuwa na lugha yetu, koti letu, tope letu na hata harufu ya mvua yetu, lakini adabu yetu hakuwa nayo. Baba mkwe gani wa Gusii atamwambia mkamwana amtazame usoni? Baba mkwe gani atampa mkono? Hata mlevi hafanyi hivyo. Nilihisi woga unanitoka miguuni kama maji, na mahali pake ikaingia hasira. Kwamba uchukue heshima ya mzee wangu, uivae kama koti, na hata kuivaa hujui?

Nikaurudisha mkono wangu nyuma ya mgongo. Nikamjibu kwa Ekegusii, polepole, kwa sauti ya mkamwana mwema.

"Baba, kama wewe ni baba wa mume wangu, tumekutana njiani. Geuka unipe mgongo, nipite na mwenzangu."

Kibuyu kikaacha kulia. Halafu akasema, "Hapa hakuna mtu wa kutuona."

"Ensoni si ya watu wa kutuona," nikasema.

"Mimi ni mzee. Nakuamuru."

"Baba mkwe hamwamuru mkamwana kwa mdomo wake. Hutuma mtu. Nenda ukamtume mama mkwe aje aniambie, mimi namngoja hapa."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Jua linachoma, ulimi umekauka, na mimi nimemshika rafiki yangu kwa leso nikimfundisha jini, au sijui nimwite nani, adabu za Kenyenya. Alinizunguka. Alinibembeleza. Alitaja jina la mume wangu. Alimwaga maji kidogo chini mbele ya miguu yangu, nikayasikia yakianguka, na nikaona pale yalipoangukia pamebaki pakavu. Kila alichosema nilimjibu neno moja tu: geuka, baba. Alikuwa amejiita baba mkwe kwa mdomo wake mwenyewe. Nguo aliyoichagua ilikuwa imembana, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika vifungo.

Mwishowe nikaziona zile akala zikisogea. Polepole, kama mtu anayesukumwa, zikageuka. Visigino vikaja mbele.

Mzee akishatoa mgongo, mkamwana ana ruhusa ya kuinua macho. Nikainua.

Hakuwa na mgongo. Mbele alikuwa mtu, nyuma hakuna kitu. Lile koti lilikuwa tupu, limejikunja kingo zake kama ganda la mgomba lililokauka, na upepo unapita ndani yake ukichakarisha. Na kupitia uwazi ule, sikudanganyi, niliiona kambi. Turubai, ngamia, Guyo amesimama na kilemba chake akiangaza huku na huku. Ilikuwa karibu kiasi cha kumsikia mtu akikohoa. Mzee huyo ndiye aliyekuwa ametuzibia.

Kerubo alipepesa macho. Akalia kwa sauti, machozi yakamwagika kama bomba lililofunguliwa. Nikamkamata kiunoni, tukapita kando ya lile ganda, karibu kabisa, na nilipokuwa sambamba nalo nikasema vile ninavyosema siku zote njiani, "Asante baba, tumepita." Sikuweza kujizuia. Nyuma yetu nikasikia kibuyu kikianguka, na mlio wake ulikuwa wa kitu kikavu. Sikugeuka kutazama.

Guyo alituona, akatukimbilia. Aliyatazama macho ya Kerubo, akamlaza kivulini na kumtilia maji machoni kwa kiganja. Halafu akanigeukia.

"Ulitazama yeye?"

"Sikumtazama."

"Kwa nini?"

"Alisema ni baba mkwe."

Nikamweleza yote. Guyo alisikiliza bila kutikisika mpaka nilipofika pale pa kumtuma mzee akamlete mama mkwe. Hapo akaanza kucheka, akacheka hata akakaa chini. "Baba yangu alikimbia huyo," akasema akijifuta macho. "Babu yangu alikimbia huyo. Wewe umemtuma aitie wewe bibi yake."

Bwana Onchiri alikuwa amesimama hapo, amesikia kila neno. Tangu siku hiyo, akitaka kuniambia jambo, alikuwa anatazama viatu vyake mwenyewe.

Tulipokaribia Kalacha na kuona mikindu ya chemchemi, Guyo alisimamisha msafara. Akaja mpaka nilipo, akanipa kamba ya ngamia wa mbele. Huko anayeshika kamba ile ndiye anayeingia na watu kwenye maji. Basi niliingia Kalacha mbele ya wanaume, mbele ya walimu wenye digrii, mimi mkamwana wa Kenyenya, naimba kwa sauti yangu yote. Wanawake waliokuwa wananywesha mbuzi wakapiga vigelegele bila hata kujua sababu. Nilikunywa maji yale mpaka tumbo likauma. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, wala siku ya harusi, na mume wangu alilijua hilo na hakununa kwa wivu.

Kerubo aliolewa, akazaa, sasa ana wajukuu. Kitu kimoja tu kilimbakia. Kila siku jua likifika utosini, hata awe anacheka, hata mvua iwe inanyesha, macho yake hutoa machozi kwa muda kidogo halafu yakakauka. Daktari alimpa dawa, haikusaidia. Yeye husema ni deni la kupepesa analilipa, na anafuta uso na kuendelea kuchuma chai.

Na mimi? Niliporudi Kenyenya habari ilikuwa imekwisha kunitangulia. Siku ya pili mvua ilikuwa inapiga mabati, nimo jikoni, nikamsikia baba mkwe anakohoa uani, kule kukohoa kwa kutangaza kwamba yupo. Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Mwulize," mzee akamwambia, "ile ensoni alienda nayo?"

Mama mkwe akanigeukia, ingawa nilikuwa nimesikia. Nikasema, "Mwambie nilienda nayo, na nimerudi nayo, na Kerubo nimemrudisha."

Nilichungulia dirishani. Mzee alikuwa amesimama kwenye mvua, amenigeuzia mgongo kama siku zote. Koti limelowa, limeshikana na mabega, na chini yake niliona mifupa ya mtu mzee, uti wa mgongo uliopinda kwa kulima, pumzi ikipanda na kushuka. Nilisimama pale nikautazama mgongo ule mpaka chakula kikaungua. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyoviona katika safari yangu yote.

Kwa hiyo wewe unayesafiri, sikiliza. Siku moja mahali pasipo na watu utakutana na mtu anayekujua sana, anayesema lugha ya kwenu, mwenye maji mkononi, naye atataka umtazame. Usibishane naye kuhusu jina lake. Mwambie ageuke.